Maelekezo kwa Thanin, Anayepokea Zamu

Basi la Nan litakutema Mo Chit saa kumi na moja alfajiri.
Usile pale. Mayai yao yamekesha kuliko wewe.
Mama atakuwa amekufungia wali wa kunata, kile kikapu kidogo;
umalize njiani, hadi punje ya mwisho.
Ukifika nao huku utaulilia.

Shika njia ya mtoni. Boti yenye bendera ya rangi ya chungwa.
Simama nyuma, karibu na mpiga filimbi,
ushuke Wang Lang na njaa yako ikiwa nzima.

Mlangoni mwa soko, kushoto, chini ya mwavuli wenye tundu,
yupo Lamduan na sufuria ya uji wa mchele.
Sema tu, "Kama wa dada yangu":
tangawizi tele, yai livunjwe humo humo likiwa bichi,
maini hapana.
Atakuuliza baba anaendeleaje.
Mjibu baada ya kukutilia, si kabla,
maana atalia,
na akilia husahau chumvi.

Kisha panda ghorofa ya nane.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
wewe nakupa beseni siku hiyo hiyo.

Mchana akisinzia una dakika arobaini.
Usizitupe kwenye vibanda vya chini ya hospitali,
wanakokula madaktari bila kutafuna.
Ingia uchochoro wa viatu vya mitumba, fuata sauti ya kinu,
twa, twa, tu,
papai bichi, kamba wakavu, karanga, ndimu,
na pilipili tatu. Sema tatu, Thanin.
Ukijitia uanaume ukasema saba
utarudi wodini machozi yanakuchuruzika,
na baba atadhani daktari amesema kitu.

Alhamisi usiku nakaa mimi.
Wewe vuka mto, nenda Bang Rak, nyuma ya msikiti,
umuulize Rofiah ule wali wa manjano
ambao kuku huzikwa ndani yake, paja na kidari,
juu vitunguu vilivyokaangwa vikawa kama majani makavu,
kando kibakuli cha mchuzi wa nanaa.
Kula sahani mbili.
Hakuna atakayekuhesabia, mimi nilikula tatu,
siku ile ya majibu.

Wapo watakaokuelekeza Yaowarat.
Taa nyingi, foleni ndefu, kila bata amening'inia akipigwa picha.
Ni tamu, sikatai,
ila bei ya paja moja ni nusu ya usiku wa kitanda chake.

Duriani hairuhusiwi kwenye lifti.
Wameichora ukutani na kuikata kwa mstari mwekundu
kama jambazi anayetafutwa.
Baba huiulizia kila siku. Mwambie msimu bado.

Kutoka dirishani ataonyesha daraja.
Atakwambia tena alivyokoroga zege lake akiwa na miaka kumi na tisa,
na jioni moja alivyokula tambi za mtumbwi bakuli kumi na moja,
akayapanga marefu kuliko kichwa chake,
muuzaji akasimama mtumbwini kuyahesabu.
Msikilize. Idadi huongezeka.
Wiki iliyopita yalikuwa tisa.

Sasa hili usimwambie muuguzi.
Kinywani haruhusiwi chochote, hata maji, najua,
nimeweka sahihi mwenyewe.
Lakini Jumanne nilimpitia Kriang pale gatini,
nikarudi na mchuzi wake mweusi kwenye mfuko wa plastiki,
nikachovya pamba,
nikampaka midomo. Pamba tu.
Akafumba macho muda mrefu, hata nikaita jina lake.
Akasema,
"Mdalasini umezidi."

Kwa hiyo nunua bakuli moja,
mchuzi mbali, tambi mbali; tambi ni zako.
Mwambie Kriang apunguze mdalasini.
Pamba ziko droo ya pili.